Sabuni Nyeusi na Mikono ya Tui

Siku niliyonyang'anywa nazi ilikuwa Jumapili, kwenye hitima ya jirani yetu hapa Rasbura, mjini Lindi. Nasema kunyang'anywa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa shoga yangu mpaka leo anasema alinipumzisha. Kupumzishwa gani kwa mtu ambaye hajaomba kupumzika?

Nieleze vizuri. Kwenye shughuli za mtaani kwetu, iwe harusi au msiba, kila mwanamke ana kazi yake, na hakuna mahali ilipoandikwa. Yuko wa kuchagua mchele, yuko wa kukaanga vitunguu, yuko wa kuchochea moto na kulalamikia moshi. Mimi nakamua tui. Wenzangu wanakuna nazi, mimi nakaa mkekani na beseni na chujio, nakamua. Nimeifanya kazi hiyo tangu nilipoolewa hapa, zaidi ya miaka ishirini. Na msidhani tui ni la kila mkono. Ukikamua kwa woga, nusu ya nazi unaitupa na machicha. Ukikamua kwa pupa, unatoa maji meupe tu, na wali unatoka kama wa hospitali. Watu walikuwa wakila tonge la kwanza wanauliza, "Leo kakamua yule bibi, eh?" kabla hata hawajaniona. Nilikuwa najivunia, na sioni haya kusema.

Kiongozi wa jiko letu ni huyo shoga yangu. Tuliolewa mtaa huu mwaka mmoja, tumelea pamoja, tumezika pamoja. Yeye ndiye anayegawa kazi, anayeonja, anayegomba. Mtu akitaka kulisha watu mia tatu hapa Rasbura, kwanza anamwendea yeye, halafu yeye ananiita mimi.

Sasa mikono yangu. Kwa miaka mingi nilibangua korosho nyumbani, kama wanawake wengi wa huku. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma, na kinga yetu ni majivu: unapaka viganjani, unabangua, yakiisha unapaka tena. Siku ukiwa na haraka unasahau, na mimi haraka ndiyo ugonjwa wangu wa kwanza. Ngozi ikaanza kukakamaa, ikachanika kwenye vifundo vya vidole, ikatoa magamba meupe. Ikawa inawasha, loo, inawasha mpaka unaitazama ile mbuzi ya kukunia nazi kwa tamaa. Nikaacha korosho, lakini mikono haikuniacha. Zahanati wakasema ni ukurutu, hauambukizi, wakanipa dawa ya kupaka. Nikipaka unalala, nikiacha unaamka.

Basi siku ile ya hitima nimeshakaa, kanga nimejifunga kibwebwe, nazi ya kwanza iko kwenye beseni. Shoga yangu akaja akasimama mbele yangu. "Mwenzangu," akasema, "leo pumzika. Kaa pale kivulini upige soga." Akainama, akalivuta beseni, akampa binti wa nyumba ya pili ambaye hata mwiko anaushika kama kalamu.

"Hauambukizi," nikasema. "Muuguzi kaniambia mwenyewe."

Sauti ikatoka nyuma ya masufuria: "Muuguzi hali wali wetu."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Shoga yangu hakucheka, ila hakunitetea pia. Alijifanya anatafuta kifuniko. Hicho ndicho kilichonichoma. Wa nyuma ya masufuria ningeweza kumjibu, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini yeye alikuwa shoga yangu. Nikainuka, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Mdogo wangu wa kiume ni seremala Somanga, pale barabarani. Kesho yake alinipigia simu kwa mambo yake mengine kabisa, akasema "Shikamoo dada," nami badala ya marahaba nikaangua kilio. Akaningoja nimalize. Huyu mtoto ana subira, sijui aliirithi kwa nani, maana kwetu hakuna.

"Dada," akasema, "kule Mafinga nilikofanya kazi, msimamizi wetu alikuwa na mikono kama hiyo. Mkewe alikuwa akimpikia sabuni nyeusi ya lami ya paini. Alikuwa anaogea hiyo tu."

"Lami? Unataka nioge barabara?"

"Si ya barabara, dada! Ya mti. Unachoma visiki vyenye utomvu, inatoka lami nyeusi, unaitia kwenye sabuni."

"Ilimponya?"

"Mimi si daktari. Ilimtuliza, alikuwa anashika mbao bila kujikuna."

Kutulia kulinitosha. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Binti wa shoga yangu alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa baada ya msimu wa korosho, watu wakishauza. Mtoto yule nilimpokea mimi siku aliyozaliwa, mama yake akiwa hoi, nikamfunga kanga yangu mwenyewe. Wali wa harusi yake akamue mtu mwingine? Thubutu! Nikaapa mbele ya mume wangu kwamba siku hiyo nitakaa mkekani, na beseni litakuwa mbele yangu. Mume wangu akasema inshallah, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ataishi na jambo hili kwa miezi mingi.

Nilimuuliza yule muuguzi. Akanitazama juu ya miwani, akasema nijaribu mahali padogo kwanza, dawa yake nisiiache, na ikinichoma nisijifanye shujaa. Nikasema sawa, mwanangu.

Kwanza niliokota vipande vya paini kwa seremala wa hapa mjini, nikavichoma. Nikapata moshi na maji ya kahawia, basi. Mdogo wangu akacheka kwenye simu. Mbao hazina kitu, akasema, lami iko kwenye kisiki. Akaongea na dereva wa lori la mbao linaloshuka Lindi, na baada ya wiki mbili nikaletewa kiroba cha vipande vya visiki, vyekundu, vinanata, vinanukia vizuri hata nikatamani kuvifukiza chumbani.

Nilifanya kama alivyonielekeza. Nilichimba shimo uani, nikafukia kopo. Juu yake nikaweka debe lenye matundu chini, limejaa vibanzi vya paini, nikalifunika na kuziba kila upenyo kwa udongo wa kichuguu. Halafu nikazungushia makumbi na vifuu, nikawasha. Asubuhi nzima nikauchunga moto ule. Jirani mmoja akachungulia ukutani kuuliza nakausha samaki gani. "Papa," nikamwambia. Akaondoka ameridhika. Alasiri nilipofukua, ndani ya kopo mlikuwa na lami, nyeusi, nzito, kiasi cha vikombe viwili. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Mafuta ya sabuni nilitaka yawe ya nazi, na nazi nilitaka nikamue mwenyewe. Hilo hakuna aliyeweza kunikataza, uani kwangu. Nikakuna, nikakamua, nikachemsha tui mpaka mafuta yakaachana na mashapo. Mikono ilipasuka, tui likaingia kwenye nyufa, nikauma kanga. Lakini nilikuwa nakamua, jamani. Miezi miwili nilikuwa sijakamua zaidi ya nazi moja ya mboga.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, niliinunua sokoni kwa mama mmoja anayeuza vitu vya kutengenezea sabuni. Mama yule alinishika mkono akaniambia: "Pima kwa mizani, dada yangu. Mafuta kwa mizani, kostiki kwa mizani. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, usije ukamimina maji juu yake. Na usiiweke kwenye sufuria ya bati, itaila." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Njiani nikawa nacheka. Mimi nimepikia watu mia tatu sijawahi kushika mizani! Mpishi mwenye mizani ni mpishi asiyejua.

Maji ya wali sisi tunapima kwa kidole. Unakigusisha kidole juu ya mchele, maji yakifika pingili ya kwanza, funika. Nami, msinicheke, maji ya kostiki niliyapima hivyo hivyo. Si kwa kuchovya, sijawa kichaa. Nilisimamisha kidole nje ya ndoo ya plastiki, penye mstari wa mafuta, nikamimina mpaka yakazidi pingili moja. Na kostiki yenyewe nilikuwa nimeitia majini kwa kukadiria, kama chumvi. Nikakoroga, nikatia lami, nikamimina kwenye kiboksi. Ikaganda vizuri sana, nyeusi inang'aa. Mama wa sokoni alisema ikae mwezi na zaidi. Mimi nikaipa siku nne.

Na pale "mahali padogo" pa muuguzi? Nilisahau. Nilijipaka mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

Sitaki kuisimulia sana. Iliunguza. Nilikimbilia pipa la maji, nikamwagia na kumwagia, nikipiga mayowe mpaka mume wangu akatoka msalani bila viatu. Zahanati yule muuguzi alinifunga bendeji, ndipo akasema: "Bibi, mtu mzima unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kukamua tui. Akadhani homa imenipanda.

Wiki tatu nilikaa na mikono iliyofungwa, nalishwa na mume wangu kama mwali. Nilikuwa na hasira, na hakukuwa na wa kumkasirikia ila mimi. Katika wiki hizo shoga yangu alikuja mara moja. Alileta ndizi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema harusi inakaribia, na akasema, huku akitazama mlango: "Nimekuwekea kiti cha mbele, pamoja na wageni wa upande wa bwana harusi. Utakaa kama malkia."

Nikamwambia ahsante. Alipoondoka nikalia kuliko siku ya hitima. Kiti cha mbele! Mimi nikae nimepakwa wanja, naletewa sahani, nasikia mbuzi zikikuna upande wa pili wa ukuta? Ndizi zake niliwapa watoto wa jirani.

Ila kilio kile kilinifaa. Bendeji zilipofunguliwa, nilivaa baibui nikaenda sokoni moja kwa moja, nikamwambia mama wa kostiki: "Niko chini ya miguu yako. Nifundishe mizani." Hakunicheka. Alisema wapishi wote huja mara mbili.

Mara hii nilifanya kwa adabu. Mafuta kwenye mizani, kostiki kwenye mizani, maji kwenye mizani, glavu mikononi, kitambaa puani. Nikaacha maji ya kostiki yapoe, maana yanapata moto yenyewe. Nikakoroga mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa, ndipo nikatia lami, na hapo uwe na mkono mwepesi, maana lami ikishaingia sabuni inashikana ghafla, hupati muda wa kusema bismillahi. Nikamimina, nikafunika gunia. Na haraka yangu nikaifungia. Vipande nilivipanga juu ya kabati, nikampa mume wangu ufunguo wa chumba, nikamwambia asinipe hata nikimpigia magoti. Nilimpigia mara moja. Hakunipa. Mungu ambariki mwanaume yule.

Wiki sita zilipotimia nilijaribu mahali padogo, nyuma ya kiganja, pakubwa kama kitufe. Haikuchoma. Siku ya pili, haikuchoma. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni za dukani zinagoma kutoa povu, lakini hii ya nazi ilitoa povu la kahawia, zito, linanuka moshi. Nikaosha mikono yote, nikapaka dawa ya muuguzi juu yake. Nikafanya hivyo asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki.

Sisemi ni muujiza, wala sijui lami ilifanya kazi gani na dawa ilifanya kazi gani. Najua kwamba muwasho ulipungua, halafu siku moja nikagundua nimekunywa chai nzima bila kujikuna. Magamba yakapukutika. Nyufa zikafunga. Yakabaki makovu ya kule kuungua, yenye mng'aro, lakini ngozi ilikuwa nzima. Muuguzi aliigeuzageuza mikono yangu dirishani, akasema, "Haya, bibi, nenda kakamue." Alikuwa hajasahau.

Nilidhani vita vimekwisha. Kumbe!

Nilikuwa nanuka. Kila nilipopita watu walikunja pua. Mume wangu alihamishia chai yake barazani, akasema ameoa mke na kuletewa kibanda cha kukaushia samaki. Mimi mwenyewe sikuisikia ile harufu tena, pua ilishazoea. Na kila mpishi wa pwani hii anajua: tui linashika moshi. Ukuni mmoja mbichi ukifuka karibu na beseni, sufuria nzima inaharibika, na wageni watasema mpaka wajukuu wazaliwe. Mikono iliyoponywa kwa moshi itakamuaje tui? Nilikaa uani nikacheka kwa uchungu. Nimetoka kwenye ugonjwa nimeingia kwenye dawa.

Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Siku tano kabla ya harusi niliacha sabuni. Nikawa nasugua mikono kwa ndimu, halafu machicha ya nazi, halafu ndimu tena. Ngozi mpya na ndimu havipendani, nawaambia. Kila usiku kabla ya kulala nilimpa mume wangu mikono anuse. "Hainuki," akasema. Nikamwambia wewe umezoea, huna maana. Hapakuwa na pua hata moja nyumbani kwangu ya kuaminika.

Siku ya harusi sikuvaa nguo ya kiti cha mbele. Nilijifunga kibwebwe, nikapita kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni. Mbuzi zilikuwa zinakuna. Yule binti wa nyumba ya pili alikuwa ameshakaa na beseni. Nikamwambia, "Inuka, mwanangu, nenda kajipambe," naye akainuka haraka hata nikamwonea huruma. Nikakaa.

Shoga yangu akatoka nyuma ya sufuria, mwiko mkononi. Amevaa sare ya mama wa bibi harusi tayari, kajifunga kanga kuukuu juu yake, kwa sababu hata siku ya kumwoza mwanawe hamwamini mtu na chumvi.

"Mwenzangu," akaanza, "kiti chako..."

"Nimekiona."

"Watu wanasema... ile harufu..."

"Najua wanasemaje."

Nilinyoosha mikono yangu yote miwili aione, mbele na nyuma. Halafu nikachota nazi iliyokunwa, nikakamua. Tui likatoka zito, likanijaa kwenye kiganja cha kushoto. Nikakiinua kiganja mbele yake.

"Onja," nikasema. "Lina moshi, nitainuka mwenyewe nikakae na wageni, na sitakanyaga jiko lako tena. Halina moshi, niachie beseni langu."

Wallahi, sikujua. Nilikuwa nimesema maneno makubwa na sikujua lina moshi au halina. Nilidhani atachovya ncha ya kidole, kama anavyoonja mchuzi. Niliogopa hata hilo hatalifanya, kwamba atageuka tena kutafuta kifuniko.

Akaweka mwiko chini. Akapiga magoti mkekani na sare yake ile, akakishika kiganja changu kwa mikono yake miwili, akaweka mdomo, akanywa. Akanywa lote.

Kisha akageuza uso kwa wanawake wote waliokuwa pale, akasema kwa sauti ile ya kugawa kazi: "Halina moshi."

Hakuuachia mkono wangu. Alikuwa anayatazama makovu, anapitisha kidole juu yake. "Nilikuona siku ile unaondoka kwa njia ya nyuma," akasema polepole. "Niliogopa maneno ya watu. Nikakuacha uende. Nisamehe."

Nilikuwa nimeandaa majibu ya miezi saba. Mengine yalikuwa makali, mazuri sana, ningesifiwa mtaa mzima. Yote yalipotea. Nikamwambia, "Niletee nazi, binti yetu anaolewa."

Wakaniletea, nami nikakamua, na machozi yakawa yananitoka sina pa kuyapeleka. Shoga yangu akakaa ubavuni pangu, akanifuta kwa upindo wa kanga yake, akanifuta tena, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.